Kile cha Mzee

Kabla sijaanza, angalieni chini. Kila mtu akione cha kwake: kichwa, mabega, miguu. Mkishakiona chote, haya, sogeeni.

Sisimulii kwa kupenda. Nasimulia kwa hasira, na hasira hii ninayo mpaka leo nikifagia uani.

Mzee wangu alikuwa fundi wa kuezeka. Miaka arobaini alipanda juu ya nyumba za watu, mgongo juani, ili wengine wakae kivulini. Mtaani kwetu karibu kila bati limepita mikononi mwake. Kisha akaanguka, miguu ikagoma, akabaki mtu wa kiti. Chumba chetu bati lake liko chini, ikifika saa sita mnaiva humo ndani. Muuguzi aliniambia bila kuficha: huyu akiendelea kupigwa na joto hili, mama, mwaka hauishi naye.

Uani kulikuwa na mti mmoja. Mwanetu akaukata.

Huyu mwanetu wa pekee, mtaa mzima unamwita Nusu Bei. Hajawahi kununua kitu kwa bei aliyotajiwa. Hata muuza dawa humganda mpaka amwonee huruma. Aliukata ule mti apate pa kuegesha gari. Gari lenyewe hana, anasubiri yashuke bei. Mzee akabaki na mwavuli wake mweusi, nimeufunga kwa waya kwenye bomba, umetoboka kama chujio. Nyumbani tuliuita kivuli cha mzee. Sogeza kivuli cha mzee, jua limegeuka. Lete kivuli cha mzee, mvua inakuja. Midomo ikazoea.

Lishikeni neno hilo.

Basi nikaamua mwenyewe kumtengenezea mahali pa kupumzika, kwa vitu vya kuokota. Paleti nne za mbao niliziomba duka la vifaa vya ujenzi, nikazipiga msasa, zikawa benchi. Mabomba manne yalikuwa ya mzee, masalio ya kazi. Vigae vilivyovunjika nikavipanga chini, makopo ya rangi nikayapanda maua ya kutambaa. Kikabaki kitu cha kutanda juu. Hicho aliahidi Nusu Bei. Kila nikimuuliza, ananiambia nitulie, kitu rahisi kinatafutwa.

Siku hiyo jua likiwa linazama nilikwenda kwa fundi makochi kuchukua mabaki ya sponji, nishone mito. Alinitania kwamba nafungua hoteli, nisimsahau siku ya ufunguzi. Nikarudi nacheka peke yangu, kiroba kichwani.

Nilipofika uani, harufu ndiyo iliyonipokea. Harufu ya sanduku la nguo za marehemu, likifunguliwa mara ya kwanza...

Kulikuwa na mtu amesimama na mwanangu. Mrefu, shati limefungwa mpaka kooni, na kwapani kitambaa cheusi kilichokunjwa vizuri. Aliongea kwa kunong'ona, kama watu wanavyoongea wodini. Jua lilikuwa chini kabisa. Kivuli cha mwanangu kilikuwa kimepanda ukutani, na cha mzee, aliyesinzia kitini, kimelala kirefu juu ya vigae vyangu. Cha yule mtu sikukitafuta. Laiti ningekitafuta.

Nusu Bei macho yalikuwa yakimeta. Akaniambia bwana huyu hataki hela, yeye anabadilisha tu, anatoa kipya anachukua cha zamani.

"Kivuli kwa kivuli," yule mtu akanong'ona.

"Basi chukua kile cha mzee," mwanangu akasema, kidole kikielekea mwavulini.

"Cha mzee?"

"Cha mzee."

"Nawe ni nani wake?"

"Mwanawe."

Yule mtu akanigeukia mimi. "Na wewe mama, umeridhia?"

Kiroba kilikuwa kimenichosha shingo. Nikajibu, kwa mdomo huu huu:

"Chukua. Kimeshachakaa hicho."

Mwavuli hakuugusa.

Aliinama miguuni pa kiti. Akashika kitu pale chini kwa vidole viwili, akakivuta... taratibu... akakikunja mara mbili, mara nne, kama mtu anayekunja shuka. Mzee alitoa sauti ndogo usingizini. Sauti ya mtu aliyefunuliwa blanketi.

Nikajiambia macho ya kizee, jioni yanadanganya. Nilipotua kiroba yule mtu hakuwepo. Kitambaa chake kilikuwa juu ya benchi, na mwavuli wetu uko pale pale kwenye bomba. Nusu Bei akacheka kwamba amesahau hata kuuchukua, kwa hiyo tumepata bure kabisa.

Asubuhi tukakitanda. Siwadanganyi, kilikuwa kivuli. Kizito, kina ubaridi wa mtungini. Majirani walikuja kukaa, wakanisifu, nami nikajisikia mtu. Mpaka saa sita, mzee aliponiomba blanketi.

Nikamfunika. Akaomba la pili. Meno yakawa yanagongana. Nikasema nimkokote juani apate joto, nikamvuta na kiti chake hadi katikati ya ua, nikatazama chini nisikanyage vidole vyake.

Niliona kivuli cha kiti. Miguu minne, mgongo, mikono miwili ya mbao.

Kiti kitupu.

Nikageuka kutazama chini ya kile kitambaa. Kivuli cha neti ya kuzuia jua mnakijua, ni vitundu vitundu. Hiki hakikuwa na vitundu. Kilikuwa na vichwa. Mabega. Mwanamke mwenye kilemba. Mtu wa mguu mmoja. Mtoto aliyebebwa mgongoni. Wamelaliana, mmoja juu ya mwingine, na ndiyo maana palikuwa na baridi namna ile. Tulikaa tukanywa chai juu yao. Nikamtafuta mzee wangu kati yao, kichwa kwa kichwa. Hakuwemo. Alishapelekwa kutandwa kwingine.

Nikachukua kisu cha jikoni, nikakata ncha ya kitambaa, kidogo tu.

Mwanamke alipiga ukelele. Kitambaani hakukuwa na sauti, ukelele ulitoka mtaa wa nyuma. Kisha nikasikia watu wakikimbia, wakiuliza amekatwa na nini.

Nikaweka kisu chini.

Siku tano mzee alikuwa akipungua kama sabuni. Sauti ikawa pumzi. "Nifunike, mke wangu." Nikamwambia nimeshamfunika. Akasema, "Nifunike na kile changu."

Nusu Bei nilimweleza yote. Akaniambia niache mambo ya kizee, na kwamba jioni ana wageni wa kucheza drafti hapo uani. Mtu wa miaka thelathini na nane, nilimchapa kandambili. Nikamshika ukosi nikamwinamisha mpaka pua ikaribie vigae, nikamwambia tazama, haya ndiyo ya bure. Akatazama. Alipoinuka alikwenda kuwarudisha wageni wake mlangoni.

Siku ya sita, jua likizama, ile harufu ikarudi.

Alikuja kuuliza kama tumeridhika. Nikamwambia arudishe alichochukua. Akanijibu kwa upole kwamba hakuiba, alipewa kwa kauli mbili, ya mwana na ya mke, na kinachorudi hurudi kwa kingine.

"Chukua changu," nikasema.

Akakitazama pale chini, muda mrefu.

"Chako, mama, kimeshachakaa."

Kisha akamtazama mwanangu.

Hapa nitasema kweli, maana hasira yangu nyingine ni ya nafsi yangu. Ningeweza kusema hapana. Mimi ndiye mama. Lakini nilimkumbuka mzee kule ndani na meno yake, nikakumbuka ule mti, nikanyamaza. Mwanangu alinitazama akaona nimenyamaza.  Na kikatoka kile kilichokuwa kikimtoka maisha yake yote, sokoni, dukani, kila mahali:

"Punguza kidogo, mzee wangu. Chukua nusu."

Yule mtu alicheka. Kifua hakikutikisika.

"Nusu kwa nusu," akanong'ona.

Nikasikia mpasuko. Kama khanga kuukuu ikichanwa vipande.

Kesho yake mzee aliamka anadai chai, analalamika haina sukari. Nikamtoa juani. Kitini, kwenye kile kivuli, kulikuwa na kichwa na mabega na mikono. Kiunoni kilikoma. Mzee mwenyewe alitania kwamba hawakumpunja sana, miguu ilikuwa haimsaidii tangu zamani.

Mwanangu hatanii. Kivuli chake kinaanzia kiunoni kwenda juu, kinamfuata kikiwa kimekatika, hakigusi nyayo. Miguu yake ni baridi kama jiwe la kisimani. Anatembelea fimbo.

Nilimuuliza mzee kama aliwahi kumsikia mtu wa namna hiyo. Akasema mafundi wa zamani walimtaja. Alikuwa akija wakibomoa paa, jioni, anaomba apewe kivuli cha zamani. Nao walifundishana kumjibu kwa jina la kitu: chukua bati, chukua mbao, chukua turubai. Kivuli hawakutamka. Ni nani, anatoka wapi, hakuna aliyejua. Nikamuuliza mbona miaka yote hakuniambia. Akasema mimi sikuwa fundi.

Kile kitambaa bado kimetandwa. Kukishusha naogopa, kukikata siwezi. Hakuna anayekaa chini yake. Mzee anakaa chini ya mwavuli wake, nimeutia viraka, na sasa tunauita mwavuli.

Wiki iliyopita jirani yetu fundi cherehani aliniita nikaone ua wake. Naye amepanga paleti, naye amepanda maua kwenye makopo. Akasema alipatamani kwangu siku nyingi. Juu ametanda kitambaa cheusi. Nikahisi ile harufu kabla sijavuka mlango.

Nikatazama chini. Katikati ya vichwa na mabega kulikuwa na miguu miwili, kuanzia kiunoni. Imepishana vifundoni, wa kushoto juu ya wa kulia, kidole gumba kikichezacheza. Hivyo ndivyo mwanangu anavyokaa tangu ana miaka mitatu.

Nikachukua mkasi mezani kwake. Akaniuliza, bibi, mbona mkasi? Nikamuuliza yeye alitoa nini.

"Kile cha zamani tu," akasema, anatabasamu. "Kile cha mama mkwe."

Ndani ya nyumba mama mkwe wake akakohoa, akaomba afunikwe.

Nikasimama pale chini ya kitambaa, mkasi uko wazi mkononi. Kilikuwa karibu kabisa na uso wangu. Na sikujua nikate wapi pasipo na mtu.