Mikono Sitini ya Kushoto

Karakana ilishona sare za shule. Kwenye meza ndefu alisimama Mkasi. Walimwita hivyo kwa sababu vitambaa vyote alivikata yeye.

Asubuhi hiyo alikata mikono ya mashati, akasahau kugeuza karatasi ya kipimo ili apate na ya kulia. Washonaji walipoanza kuunga, waliduwaa. Mikono sitini, yote ya kushoto!

"Mtoto gani atavaa hili?" mmoja akauliza. Wote wakacheka.

Msimamizi hakucheka. "Mwezi huu umekosa kazi mara tatu, unasema jino. Leo umeharibu kitambaa. Kesho nataka maelezo. Kama huna, natafuta mkataji mwingine."

Mchana, Mama Vifungo, fundi wa vifungo, alikaa karibu naye.

"Jino bado linauma?"

"Linauma."

"Shoga, jino gani linauma Jumanne tu? Mimi niliachana na mume wangu, sura hiyo naijua. Una kesi mahakamani."

Mkasi akalia. "Mume wangu amefungua kesi ya talaka. Sijui watoto watakaa na nani. Mikono iko hapa, akili iko kule. Naona aibu kusema."

"Aibu haikupi ruhusa. Mficha uchi hazai. Barua ya mahakama unayo?"

"Ninayo."

"Mpelekee msimamizi. Mwonyeshe tarehe tu, ugomvi wa nyumbani haumhusu. Omba ruhusa mapema, siyo siku yenyewe. Na ukitoka kule usishike mkasi. Omba kazi nyepesi."

Kesho yake Mkasi alimpelekea msimamizi barua, naye akaisoma.

"Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa utanifukuza."

"Ningekufukuza kwa kutosema!" Akachukua kalamu, akazungushia duara tarehe za kesi kwenye kalenda ya ukutani. "Tarehe hizi nenda. Ukirudi, shona vifungo. Sababu itabaki kwangu."

Mkasi alishusha pumzi kama aliyetua gunia.

Kisha akarudi mezani. Akageuza karatasi ya kipimo, akakata mikono ya kulia. Aliikagua mara mbili. Kila mkono ukapata mwenzake. Hakuna kitambaa kilichotupwa.

Jumanne iliyofuata alikwenda mahakamani bila kujificha. Alirudi saa nane, akaketi kushona vifungo.

"Mambo vipi huko?" Mama Vifungo akanong'ona.

"Kesi bado," Mkasi akajibu, akitunga uzi kwenye sindano. "Lakini jino limepona."