Lenzi Fupi ya Shangazi

Kila asubuhi ya siku asizokwenda shule, Kiherehere alimpangia shangazi yake mkoba wa kazi. Jina hilo alipewa na bibi yake, kwa sababu miguu yake hufika kabla ya akili. Shangazi alikuwa mpiga picha. Alikuwa na kamera ndogo ya kisasa, nyepesi kama kitabu, na lenzi mbili: moja fupi isiyovuta, nyingine ndefu ya kuvuta vitu vya mbali.

"Weka ile fupi," shangazi alisema. "Leo tunakwenda wodini kwa bibi yako."

Kiherehere akanuna. Wenzake waliicheka lenzi ile, wakaiita kizibo cha chupa. Akaificha kabatini, akatia ile ndefu.

"Umeiweka?"

"Nimeiweka, shangazi."

Wodini mlikuwa na taa moja hafifu. Bibi alikuwa akisubiri kupelekwa chumba cha upasuaji, huku amempakata kitukuu wake mchanga.

"Nipigeni upesi," alisema kwa shida. "Nisiporudi, mtoto huyu aje ajue kwamba nilimpakata."

"Msiwashe taa ya kamera," muuguzi alionya. "Wagonjwa wanapumzika."

Shangazi akafungua mkoba, akapekua. "Ile fupi iko wapi?"

"Labda... labda imedondoka njiani," Kiherehere alijibu.

Shangazi akajaribu ile ndefu. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, lakini bado kichwa cha bibi hakikuingia pichani. Uzito wa lenzi uliivuta kamera chini, mikono ikatetemeka, na kila picha ikatoka na ukungu. Simu yake nayo ikatoa giza tupu. Machozi yakamlengalenga.

"Ngoja niitafute barabarani," alisema, akaelekea mlangoni.

Kiherehere alimtazama bibi yake. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia pale kitandani.

"Usiende, shangazi! Nimekudanganya. Niliificha kabatini!"

Hakungoja kugombezwa. Alitoka mbio kuelekea nyumbani, akapita sokoni akigongana na watu, akiomba radhi bila kusimama. Aliporudi na lenzi akihema, kitanda cha bibi kilikuwa tayari kinasukumwa kwenye korido kuelekea chumba cha upasuaji.

"Muuguzi, tafadhali!" alilia.

"Moja tu," muuguzi alisema, akasimama.

Shangazi akabadilisha lenzi, akainama, akabonyeza. Picha ikatoka safi: makunyanzi ya bibi, na kidole chake kikiwa ndani ya kiganja cha mtoto. Kisha shangazi akampokea mtoto, na milango ya chumba cha upasuaji ikafungwa nyuma ya bibi.

Walikaa kwenye benchi wakisubiri. Hatimaye daktari alitoka, akawaambia kwamba bibi ameamka na anaulizia picha yake. Hapo Kiherehere akaangua kilio.

Shangazi akamvuta karibu. "Lenzi fupi ina tundu pana, hupokea mwanga mwingi hata panapokuwa na giza. Tena ni nyepesi, haiielemei kamera ndogo. Kwa hiyo usidharau kitu kwa udogo wake. Lakini leo lenzi peke yake isingetufaa. Ungeshikilia uongo wako, mimi ningekuwa barabarani nikiitafuta bure, na bibi yako angeingia mle ndani bila picha. Ukikosea, mwanangu, sema mapema, wakati ukweli bado unaweza kusaidia mtu."