Betri Zilizolala Mchangani

Hakuna aliyemjua mtu yule. Alisimamisha gari katikati ya uwanja wa kituo cha polisi saa moja na nusu asubuhi, akafungua mlango wa nyuma, akamvuta chini mwanamume mrefu aliyejifunga shuka nyekundu. Mikono ya mwanamume huyo ilikuwa imefungwa kwa vile vikamba vya plastiki ambavyo mafundi hufungia nyaya.

Inspekta Antonia Sulle alikuwa barazani na kikombe cha chai ya maziwa. Alikiweka chini.

"Huyu hapa mwizi wenu," mgeni alisema.

"Habari za asubuhi," Antonia alijibu. "Hapa Karatu tunaanza na hiyo."

"Nzuri, afande. Naitwa Modest, mkandarasi kutoka Moshi. Najenga loji kule juu, karibu na geti la hifadhi. Huyu ni mlinzi wangu. Ameniibia."

"Konstebo Salha, lete mkasi."

Vikamba vikakatwa. Mlinzi alijisugua vifundo vya mikono.

"Umeibiwa nini?"

"Betri mpya kumi na mbili za mashine za mafundi. Zilikuwa kwenye kontena. Kufuli halina hata mkwaruzo. Ufunguo tunao wawili tu, mimi na yeye."

"Na mashine?"

"Zipo zote. Drili tano, misumeno miwili, grinda. Lakini bila betri ni vyuma tu, na kule hakuna umeme wa kuchomeka waya. Tuna sola ya kuchajia, basi." Modest alitoa betri mbili kwenye gari na kuziweka mezani kwa kishindo. "Hizi ndizo alizosahau. Nataka apandishwe mahakamani kesho."

Antonia aliziangalia. Zilikuwa kuukuu, zimechubuka pembe. Hakujua lolote juu ya betri, na alijua kwamba hajui.

Mlinzi aliitwa Lekoko. Ndani ya chumba cha mahojiano alikaa wima kama mtu aliyekuja kanisani kwa watu wengine.

"Umelinda pale muda gani?"

"Miezi minne, afande."

"Usiku wa jana uliondoka?"

"Sikuondoka."

"Nani hupanga betri kwenye chaja jioni?"

"Mafundi."

"Fundi gani?"

"Mafundi, afande."

"Wakitoka getini, unapekua mifuko yao?"

"Napekua."

"Yote?"

Lekoko aliangalia ukuta. Antonia akasubiri. Alikuwa binti wa mkulima wa Mbulu, na alijifunza mapema kwamba mtu akinyamaza namna ile, kumpigia kelele ni kumfungia mlango.

"Andika utakalo juu yangu," Lekoko alisema hatimaye. "Ila kuna watu watano wa boma letu wanalinda saiti hapa mjini. Ng'ombe walikwisha kwa ukame, tukashuka kutafuta kazi. Mimi ndiye nilikwenda kwa mabosi wao, mmoja mmoja, nikasema: huyu ni mtu safi, mshikeni kwa jina langu. Sairowua ameanza wiki iliyopita tu. Mimi nikiitwa mwizi, kesho kutwa wote watano wako barabarani."

"Basi nisaidie. Ni mfuko wa nani usiopekuliwa?"

Alitikisa kichwa.

Antonia aliandika saa kwenye kitabu cha matukio. Alikuwa na muda mpaka kesho asubuhi.

*

Sadiki alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi jirani na stendi, na ndevu alizopaka hina.

"Afande Antonia! Umekuja kununua au kunikamata?"

"Nimekuja kujifunza."

"Hiyo ndiyo ghali."

Antonia aliweka betri zile mbili juu ya kaunta. Sadiki alivaa miwani, akaacha utani.

"Mwenye nyumba akinunua drili anaangalia rangi na bei," alisema. "Fundi wa kazi anaanza na betri. Ukichagua betri umeoa na ukoo wake: drili, msumeno, grinda, wote watakula chungu kimoja, na betri ya ukoo mwingine haiingii. Za volti kumi na mbili ni za bawaba na makabati. Kenchi za paa na mabati yanataka kumi na nane, kama hizi." Aliweka moja kwenye mzani wake wa misumari. "Gramu mia sita na kidogo. Sawasawa. Hii orijino."

"Feki ikoje?"

"Nyepesi. Imeandikwa nguvu kubwa kuliko iliyo nayo. Na haina kile kibao cha ndani kinachoizima ikipata joto kupita kiasi. Orijino ikichoka inakataa kazi. Feki haikatai. Inavimba, halafu..." Sadiki alifungua kiganja ghafla.

"Na hii ya pili?"

Aliipima. "Orijino pia. Za zamani lakini zimetunzwa. Mwenye hizi hakuwa akizichaji zikiwa za moto. Anajua kazi."

"Kuna mtu amechukua kumi na mbili mpya, akaacha hizi mbili. Akaacha na mashine na chaja."

Sadiki alivua miwani. "Hizo mpya zilinunuliwa wapi?"

"Bosi anasema kwa mfanyabiashara mmoja, zilikuja na lori."

"Basi huyo unayemtafuta si mwizi, afande. Mwizi angeanza na hizi."

*

Saiti ilikuwa pembeni mwa msitu. Ilikuwa saa nne, lakini ukungu wa Julai ulikuwa bado umelalia kenchi za paa, na mafundi walivaa makoti mawili mawili. Walikuwa wakigonga misumari kwa nyundo za mkono, taratibu, bila nyimbo wala utani.

Antonia, aliyekuja na Konstebo Salha, hakutaja wizi. Alikabidhi betri moja kwa fundi aliyekuwa karibu, akabaki na nyingine kama kielelezo.

"Asante, afande! Leo tumerudi enzi za babu." Fundi yule aliisukuma betri ndani ya koti, chini ya kwapa, akaibana kwa mkono.

"Mbona unaipakata kama kifaranga?"

Mafundi walicheka, mara ya kwanza.

"Baridi ya huku, afande. Asubuhi betri inalala. Ukiifunga hivi hivi inageuza skrubu nne, inakata roho. Ukiipasha mwilini dakika kumi inaamka. Lekoko ndiye bingwa. Alfajiri anatukusanyia anazifunika na shuka yake mpaka tufike."

"Yuko wapi Lekoko?"

"Bosi katuambia ameenda kwao. Mgonjwa."

Antonia na Salha wakatazamana. Kumbe hawakujua.

Kicheko kilikuwa kimempitia mtu mmoja bila kumgusa. Alikuwa fundi mwembamba aliyepanda ngazi kwa mkono wa kulia, wa kushoto ameubana ubavuni. Antonia alimfuata nyuma ya rundo la mbao.

"Unaitwa nani, kaka?"

"Patrisi."

"Ubavu una nini?"

"Nililalia vibaya."

"Nimekaa na mafundi dakika ishirini. Wote wanaweka betri upande wa kushoto, wafanye kazi na mkono wa kulia. Umelalia vibaya upande huo huo?"

Patrisi alitazama huku na huku. Kisha akainua koti na fulana. Bandeji ilianzia kwapani ikashuka mpaka kiunoni, na pembeni yake ngozi ilikuwa imejikunja kama karatasi iliyopitiwa na moto.

"Lini?"

"Alhamisi. Ililipuka ndani ya koti."

"Nikuandikie fomu ya matibabu? Uandike maelezo?"

"Hapana, dada. Samahani, afande. Bosi alisema atakayefungua mdomo afungashe. Nina watoto wanne."

"Nani aliuzima moto?"

Macho ya Patrisi yalipanda yenyewe mpaka juu ya paa.

*

Vedasto alikuwa fundi mkuu, mtu wa Endabash, kichwa cheupe na mikono mipana. Alishuka ngazi polepole, nyundo ikining'inia kiunoni. Walisalimiana kwa Kiiraqw, lugha ya kwao wote wawili, wakaulizana ukoo, na kwa muda mfupi ilikuwa kama wamekutana sokoni.

"Mzee wangu," Antonia alisema, "jioni nani hupanga betri kwenye chaja?"

"Mimi."

"Kila siku?"

"Kila siku. Hawa vijana wanazichomeka zikiwa za moto."

"Na ukitoka getini, Lekoko anapekua mfuko wako?"

"Hapana. Ananiita baba. Kwao mtu hachokonoi mfuko wa baba yake."

"Heshima hiyo imemweka mahabusu."

Vedasto aligeuka. "Nani?"

"Lekoko. Yuko kituoni tangu asubuhi. Nimemuuliza mfuko usiopekuliwa ni wa nani, amekataa kukutaja. Kesho anapandishwa mahakamani kwa wizi wa betri kumi na mbili."

"Modest kasema amekwenda kwao!"

"Modest alimleta kwetu amefungwa mikono."

Mzee alichomoa nyundo kiunoni akailaza juu ya benchi, kwa uangalifu, kama mtu anayerudisha kitu asichostahili tena kukishika. Alikaa juu ya gogo.

"Ni mimi," alisema. "Mtoe yule mtu. Ni mimi."

Antonia alimweleza haki zake, kwamba halazimiki kusema, na kwamba atakalosema litaandikwa. Salha akafungua daftari.

"Nasema. Zile mbili za zamani nilizichagua mwenyewe, tukiwa kazi nyingine. Huyu bosi alipoleta mpya kumi na mbili, niliinua moja tu nikajua. Nyepesi kama kiberiti. Nikamwambia, akacheka. Alhamisi nikamwona Patrisi anaruka jukwaani, moshi unatoka kolani. Nilimmwagia ndoo ya mchanga. Nilikwenda kwa bosi tena. Akasema nikiogopa moto nikalime mahindi."

"Mafundi hukuwakataza?"

"Niliwakataza wasizipakate. Walisema ndiyo mzee. Kesho yake nawakuta wamezibana makwapani, kwa sababu baridi ni ile ile na paa lina tarehe ya kukamilika. Na Lekoko nusu saa kila alfajiri anazikumbatia zote kumi na nne ndani ya shuka. Zote, afande. Nilikuwa silali."

"Ukaamua kuziiba."

"Nikaamua zisiwepo. Jana jioni, badala ya kuzichomeka, nilizitia kwenye mfuko. Nilidhani bosi atapiga kelele, atanunua nyingine, basi. Sikufikiri kwamba kontena likikutwa halijavunjwa, atakamatwa mwenye ufunguo. Hapo nilikuwa mjinga."

"Lakini uliacha mbili. Ungezichukua zote, ingefanana na wizi."

Vedasto alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Watu wangefanya kazi na nini?"

Antonia alilazimika kuangalia msitu kidogo.

"Ziko wapi?"

"Shambani kwangu, mbali na nyumba. Kwenye pipa la mchanga mkavu. Nitakuonyesha. Ila niahidi kitu kimoja, binti yangu. Nifanyie lolote la kisheria, lakini zisirudi kwenye makoti ya watu."

"Nakuahidi," alisema Antonia. Lilimtoka kirahisi, kama maneno ya kweli yanavyotoka.

*

Walizikuta Endabash. Tatu zilikuwa zimevimba mpaka plastiki imeachia. Saa nane mchana Lekoko alitoka mahabusu, na Antonia akapiga simu saiti tano, moja baada ya nyingine, akasema kwa jina na cheo chake kwamba Lekoko hana kosa. Lekoko alimkuta Vedasto kwenye benchi la watuhumiwa. Aliinamisha kichwa mbele yake, na mzee akakigusa kwa kiganja, kama kawaida yao.

Modest alifika saa kumi. Alikuwa ameambiwa kwamba polisi wameuona ubavu wa Patrisi, na sauti yake ilikuwa imelainika.

"Afande, tusifike mbali. Nafuta malalamiko. Mzee aende nyumbani, kesho arudi kazini na mlinzi wake. Mimi nipe betri zangu, tuyamalize."

Antonia alimpigia mkuu wake wa upelelezi. Jibu lilikuwa la kanuni, bila ubaya: mlalamikaji akifuta, jalada linafungwa, jalada likifungwa, vielelezo vinarudi kwa mwenye mali. Labda kama kuna jalada lingine. Antonia alikwenda tena kwa Patrisi, na Patrisi akalia, lakini hakukubali kutia saini malalamiko.

Alirudi akaketi kwenye benchi, kando ya Vedasto. Alimweleza yote.

"Nikikubali, unalala kwako leo, bila kesi. Nisipokubali, nitalipeleka jalada kwa mwendesha mashtaka na kuomba liendelee, ili betri zikapimwe Arusha kwa watu wa viwango. Wewe utakuwa mshtakiwa wa wizi, mzee wangu. Nitasema mahakamani kwa nini ulifanya. Sijui hakimu atasema nini."

Vedasto alimgeukia.

"Akirudishiwa, atazitumia?"

"Anasema amenunua, hawezi kutupa."

"Basi mbona unaniuliza? Ulishaahidi."

Antonia alisimama. Mezani kwake, Modest alikuwa ameshaandika barua ya kufuta malalamiko. Wino ulikuwa bado mbichi. Alimshukuru, akaiambatisha kwenye jalada, na chini yake akaandika kwa mkono wake kwamba mpelelezi anapinga kufungwa kwa shauri, na sababu zake. Alijua maelezo kama hayo huwa yanamsubiri ofisa siku ya kupandishwa cheo.

"Unamshtaki mtu uliyemwonea huruma?" Modest aliuliza. "Hiyo ni akili?"

"Salha, lete lebo za vielelezo," alisema Antonia. "Kumi na mbili."

Walizibandika lebo moja moja, wakazilaza kwenye sanduku la bati lililojazwa mchanga. Vedasto, ambaye dhamana yake ilikuwa bado inaandikwa, alikuja akasimama juu yao.

"Zilizovimba zisigusane," alisema. "Na dereva asiegeshe juani."

Antonia alizitenga kama alivyoelekezwa. Akafunga kifuniko, akatia saini, na sanduku likapandishwa kwenye gari la Arusha.