Tao la Baba Filipo

Jumamosi pale Same haikuwa siku ya kulala. Jua halijapanda milimani, pembe ya msaragambo, kazi ya pamoja, inalia, na kila nyumba inatoa mtu wa kwenda kazini: huyu na jembe, yule na debe, mwingine na mikono yake tu. Ndivyo Wapare walivyozoea tangu zamani, kazi ya wote inafanywa na wote. Mwaka huo, wa kumi na saba tangu Uhuru, kazi yenyewe ilikuwa kujenga kanisa kuu, kanisa lenye kiti cha askofu. Watu wa Vudee walishusha mawe kutoka mlimani. Watoto wa shule walileta maji na mchanga.

Koleta, msichana wa darasa la tano, alipewa kazi ya mchanga kwa sababu kwao kulikuwa na punda. Alitakiwa kuuchota korongoni, mwendo wa saa nzima kwenda na kurudi. Safari mbili za kwanza alikwenda vizuri tu. Ya tatu uvivu ukamshika. Wenzake walikuwa wameanza kucheza rede kwenye uwanja wa shule, na vicheko vyao vilimfikia mpaka barabarani. Nyuma ya uwanja huo palikuwa na mchanga mweupeweupe, laini, wa kuzoa tu. Koleta akajiambia kwamba mchanga ni mchanga. Akajaza magunia pale pale, safari ya tatu, ya nne na ya tano, kisha huyo, akakimbilia rede.

"Wote huu ni wa korongoni?" aliuliza Fundi Nathanaeli, mzee aliyesimamia ujenzi, akiwa juu ya jukwaa.

"Ndiyo, fundi," alijibu Koleta, macho makavu.

Fundi akaamini. Waliochanganya saruji siku ile walikuwa watu wa mlimani, na mchanga wa huku chini hawaujui, kwa hiyo nao hawakuuliza. Ukaingia wote katika tao la mlango wa kusini. Na aliyelijenga tao hilo hakuwa mwingine ila Filipo, baba yake Koleta, aliyekuwa akijifunza uashi kwa Fundi Nathanaeli. Lilikuwa tao lake la kwanza. Nyumbani hapakulika wala hapakulalika bila habari za tao.

Wiki mbili zikapita. Jumatatu moja mwalimu aliwapeleka darasa la tano kuliona jengo.

"Shikamoo, fundi," wakaamkia.

"Marahaba, wanangu. Sogeeni." Akawasimulia jinsi wazee wao walivyoanza kusali ndani ya banda la nyasi, mvua ikiwanyeshea, kisha wakapata la mabati lililowachoma kwa jua la mchana. Akawaonyesha jinsi kuta zilivyopangwa kwa umbo la msalaba, na madirisha ya upande wa magharibi yalivyofanywa membamba ili jua la jioni lisiwapige watu usoni. Halafu akasimama mbele ya mlango wa kusini.

"Tao halishikwi na misumari," alisema. "Kila jiwe linamsukuma mwenzake, na hili la katikati linayabana yote. Kwa sasa linabebwa na mirunda hii, miti mnayoiona chini yake. Jumamosi tunaitoa. Mimi nina desturi niliyoachiwa na mwalimu wangu: mirunda ikitolewa, aliyejenga tao husimama chini yake. Akiogopa, basi hakujenga."

Watoto wakacheka. Ziada, rafiki yake Koleta, akauliza kama kuna tao lililowahi kuanguka.

"Likijengwa kwa mchanga wa magadi, kama ule wa nyuma ya uwanja wenu, litaanguka. Saruji haishiki. Uonje tu, ulimi utakuambia."

Koleta aliinua macho kulitazama tao. Wenzake walipoondoka alibaki nyuma, akakwaruza kwa ukucha katikati ya mawe mawili. Saruji ikamwagika kama unga wa mahindi. Akalamba kidole. Chumvi.

Alikimbia akawafikia wenzake. Alimweleza Ziada njiani.

"Nyamaza, mwenzangu," Ziada alisema kwa sauti ya chini. "Saruji yenyewe siku hizi haionekani madukani. Ukisema, watakuchapa mbele ya watu wote. Na pengine halitaanguka."

Pengine. Neno hilo Koleta alilishikilia Jumanne nzima, na Jumatano likamponyoka. Kila alipomtazama baba yake aliyaona mawe juu ya kichwa chake. Alhamisi alimkuta akifua shati lake jeupe, huku akipiga mluzi.

"Baba, Jumamosi usisimame pale."

"Kwa nini?"

Koleta alitaka kumwambia yote, lakini hakuthubutu. Alimwogopa baba, aliwaogopa watu, alimwogopa hata Mungu mwenyewe, maana lilikuwa kanisa lake. "Basi tu," alisema.

Filipo akacheka. "Hata wewe unaliogopa tao la baba yako? Utaliona."

Jumamosi watu walijaa mbele ya mlango wa kusini. Filipo aliingia chini ya tao na shati lake jeupe, akasimama wima, akatabasamu kwa aibu kidogo. Fundi Nathanaeli akainua nyundo kugonga mrunda wa kwanza. Koleta akajitosa mbele. Hakujua alivyopita katikati ya watu. Alijikuta ameng'ang'ania mkono wa fundi, nyundo ikiwa bado juu.

"Mchanga si wa korongoni," alisema. "Niliuchota nyuma ya uwanja. Nilikudanganya, fundi."

Fundi akashusha nyundo. Alichomoa msumari mfukoni, akakwaruza kati ya mawe, akaonja, akatema mate. Rangi ya uso wake ikabadilika.

"Filipo," alisema taratibu, "toka hapo. Usiguse kitu."

Filipo akatoka. Walifunga kamba ndefu kwenye mirunda, wakawasogeza watu mbali, wakavuta. Kwa kitambo kidogo tao lilisimama, na Koleta akadhani labda amewaaibisha bure. Kisha jiwe la katikati likateleza, na yote yakashuka kwa kishindo. Vumbi lilipotulia, pale aliposimama Filipo palikuwa na rundo la mawe linalomfika mtu kiunoni.

Mama mmoja alianza kulia. Koleta alingoja viboko. Fundi Nathanaeli alimwita karibu na rundo, na sauti yake haikuwa ya hasira.

"Nami nina kosa langu. Nilitakiwa kuonja mchanga, nikaamini mdomo," alisema. "Lakini sikiliza, binti. Watu watapita katika mlango huu miaka na miaka, na hakuna hata mmoja atakayeuliza mchanga ulichotwa wapi. Watapita tu, na watoto wao mgongoni. Kazi unayoifanya usipoonekana ndiyo itakayowabeba. Kesho kutwa utaanza upya korongoni, na kila gunia utaniona nikilionja."

"Sawa, fundi."

Filipo alikuwa ameketi chini. Alimwita mwanawe kwa kichwa, naye akaenda akapiga magoti mbele yake.

"Kwa hiyo Alhamisi ulikuwa unajua," alisema Filipo.

"Nilikuwa najua, baba, tangu Jumatatu. Niliogopa."

"Hata mimi nimeogopa sasa hivi, tena sana. Kuogopa si kosa." Akamshika bega. "Lakini wiki nzima umeogopa peke yako ndani ya nyumba yangu, mimi napiga mluzi. Ungeniambia siku ile ya kwanza, ningekukaripia, tungeogopa wote nusu saa, tungelibomoa tao taratibu, tungekwenda kula. Ukikosa, niambie mapema. Hata kama nitakasirika. Niambie ningali hai wa kukasirika."

Koleta akaangua kilio. Baba yake akamvuta, akamlaza kichwa kwenye shati lile jeupe lililojaa vumbi, na hakumwachia mpaka kilio kilipokwisha.