Mama Aliyelia Bila Machozi

Kila alipotoka shuleni, Kidomo alipitia karakana ya useremala ya wazazi wake kufagia maranda. Baba alikata na kuranda mbao, mama akazipiga msasa mpaka zikawa laini kama shavu la mtoto mchanga. Jina la Kidomo alipewa na bibi yake, kwa kuwa tangu binti huyo alipojua kusema, hakujua kunyamaza.

Mwaka huo wazazi wote wawili walishikwa na macho mekundu. Baba akanunua miwani ya kazi, yake na ya mama. Haukupita muda, yeye akapona. Macho ya mama yalizidi kuwasha, na kila alipoamka aliyahisi kama yamejaa mchanga.

"Ni vumbi tu, mama watoto," baba alimwambia. "Langu na lako ni moja. Mimi nimepona, na wewe utapona."

Mama hakuwa mtu wa kulalamika, akakubali. Lakini Kidomo aliyaona mengi. Mama hakuweza kumeza mkate bila kuusukuma kwa maji. Asubuhi vidole vilimuuma hata akashindwa kufungua chupa. Na siku walipomzika jirani yao mpendwa, mama alilia kwa kwikwi, lakini mashavu yake yalibaki makavu.

Kisha ikafika siku ambayo mama aliona ukungu mtupu katika jicho moja. Alipapasa meza akitafuta penseli iliyokuwa mbele yake. Baba aliingiwa na hofu, akafunga karakana, wakaenda wote watatu zahanati ya macho.

"Leo mdomo uuache nje," mama alimkanya Kidomo mlangoni.

Daktari, mwanamke wa makamo, alimuuliza mama kama ana tatizo lingine.

"Hapana, daktari. Ni vumbi la mbao. Nipe dawa nirudi kazini."

Kidomo alijua kwamba mtoto hadakii maneno ya wakubwa. Lakini aliikumbuka ile penseli.

"Samahani, daktari," alisema kwa sauti ndogo. "Mama hatoki machozi. Hata akilia."

Mama alimkata jicho. Daktari akaweka kalamu chini. "Endelea, mwanangu."

Kidomo akaeleza yote: mkate, vidole, msiba. Daktari akachukua kikaratasi chembamba cha kupimia machozi, akakipachika kwenye ukingo wa jicho la mama. Walisubiri. Kilipotolewa kilikuwa kikavu karibu chote.

"Nipime na mimi," baba alisema, bado hajaamini. Chake kililowa chapachapa, na yeye mwenyewe akabaki anajifuta mashavu. Hata mama alicheka.

Vipimo vya damu vilithibitisha alichoshuku daktari. "Mwili una askari wa kuulinda," alieleza. "Askari wa mama wamekosea adui. Wanashambulia tezi za machozi na za mate, na viungo pia. Wanaume pia huupata ugonjwa huu, ila katika wagonjwa kumi, tisa hivi ni wanawake. Homoni huenda zinachangia, lakini wataalamu bado wanachunguza. Hauponi kabisa, ila unatulizwa."

Mama alianza kutumia matone ya kulainisha macho na vidonge, na hakukosa kliniki. Baba aligeuza feni ya karakana isimpulize usoni na kumkausha macho. Polepole ukungu ukaondoka, na msasa ukaanza tena kuimba.

Jioni moja Kidomo aliuliza, "Mama, bado umenikasirikia?"

"Hata kidogo," mama alijibu, akipuliza vumbi kwenye mguu wa kiti. "Kuwaheshimu wakubwa si kuwaacha waumie. Daktari hawezi kutibu asichoambiwa, na mimi nilimficha."

Baba alisimamisha randa. "Kosa ni langu pia," alisema. "Niliyapima macho ya mwenzangu kwa macho yangu. Mtu akikwambia anaumwa, mwanangu, usimjibu kwa afya yako. Msikilize."