Sanduku la Nyumba ya Kina Ndiaye

Kitasa ndicho kilichomshinda Meïssa Diop. Nusu ya umri wake aliimaliza hapa mjini Ndar akikagua masanduku ya safari ya kale, na hili lilijieleza bila taabu: kifuniko chenye mgongo, ili maji yateleze likiwa juu ya sitaha ya meli; misumari ya shaba iliyopigwa kwa mkono; ndani, karatasi ya maua iliyofifia. Lakini tundu la ufunguo lilikuwa upande wa ndani. Nje hapakuwa na tundu, wala alama kwamba liliwahi kuwapo. Hadi leo hajui ni fundi gani alilitengeneza hivyo, wala kwa ajili ya nani.

"Faranga laki nne, bibi," alisema. "Kingekuwa kitasa cha kawaida, ningesema sita."

Bibi Soukeyna Ndiaye, mjane mwenye nyumba, alitaka kuliuza atengeneze paa kabla ya mvua. Akabetua midomo.

"Laki nne! Sinia zima la wali umelimaliza, Diop, na sasa unataka kunila na mimi?"

"Kina Ndiaye ndio wa kusema habari za wali? Nyinyi mkifiwa, mnauliza kwanza kimepikwa nini."

"Kelele, mtumwa wangu!"

Meïssa alicheka. Kina Diop na kina Ndiaye ni watani tangu mababu. Hutukanana harusini na misibani, na asiyetukanwa hujiona hapendwi. Akakipiga kofi kile kifuniko kilichokuwa wazi. "Basi nitie humu, bibi, uniuze pamoja nalo. Bei itapanda."

"Nimekubali," ikasema sauti.

Ilitoka ndani ya sanduku. Sanduku lilikuwa tupu. Chumba kikajaa harufu ya kafuri, na chini yake harufu ya jasho la watu wengi.

Meïssa aliondoka bila kuaga. Kesho yake, darajani, jua likiwa utosini, aligonga kichwa. Mbele yake hapakuwa na kitu. Alinyoosha mkono, akagusa ubao uliobandikwa karatasi. Tangu hapo, popote aliposimama, sokoni, msikitini, ufukweni penye upepo, kuta zile asizoziona zilimfuata na kila siku zilisogea kidogo, zikamkunja shingo, kisha mabega, kisha magoti, hata mkewe Aram akawa anamlisha akiwa amejikunja sakafuni kama nguo iliyopangwa, akihema hewa yenye kafuri, akinong'ona kwamba kuna giza, ilhali madirisha yote yalikuwa wazi na watoto wa jirani walikuwa wakicheza uani.

Aram alimwita Shehe Bassirou, naye akaamuru Meïssa abebwe hadi mbele ya sanduku. Alisoma dua mpaka sauti ikamkauka.

"Kilichomo hakitoki," alimnong'oneza Bibi Soukeyna. "Hiki hakijui utani. Ni cha enzi ambazo neno 'mtumwa' halikuwa mzaha. Mtu kajitoa mwenyewe, nacho kimempokea."

"Mimi ndiye niliyemwita hivyo."

"Sote huwaita watani wetu hivyo, mama. Hukukosa."

Bibi alimtazama Meïssa. Magoti yalikuwa yamefika kidevuni. Mbavu zikaanza kulia. Akapiga magoti kando ya sanduku.

"Wewe uliyemo humu," alisema polepole. "Huyu ni mtumwa wangu, nimesema mwenyewe, umesikia. Mtumwa hajiuzi. Mauzo hayo ni batili."

Kisha sauti ikauliza, kwa unyonge wa mtoto aliyesahauliwa njiani, "Basi nitabaki na nani?"

Mgongo wa Meïssa ukalia, ukanyooka. Alivuta pumzi hadi machozi yakamtoka. Shehe alikuwa ameshafika mlangoni.

"Bibi, twende," Meïssa alisihi. "Tafadhali."

"Kisha kimfuate nani? Aram?"

Waliamua palepale, wote wanne, Aram akiwamo, kwa sauti za chini: sanduku lisiuzwe wala lisichomwe, na mtu wa nyumba hiyo akae nalo, kwa hiari yake, bila bei. Shehe alitaka aombwe mmoja wa wajukuu wa bibi. Bibi Soukeyna hakumngoja amalize. Alikokota godoro lake mwenyewe hadi kando ya sanduku, akakataa kusaidiwa, akawatoa nje mmoja mmoja, na kwa mkono wake akafunga mlango kwa ndani.