Mgeni Aliyetafuta Joto

Paka wa ghala ndiye aliyeonyesha kwanza kwamba mambo si shwari. Panya alipita mbele yake mchana kweupe, akipepesuka kama mlevi, na paka akarudi nyuma. Mama Stoo, mtunza ghala, aliliona hilo, akapiga miayo tu. Ilikuwa siku ya tisa anaokota panya waliokufa chini ya magunia ya mahindi, na mtu akichoka sana hata woga humpa kisogo.

Bwana afya alishawaeleza kinagaubaga kwamba hiyo ni tauni. Nyunyiza dawa kwanza, ngoja, ndipo ufagie, kwani panya akishapoa viroboto humhama wakatafuta mwili wenye joto. Siku ile Mama Stoo alifagia kwanza. Mgongo ulikuwa unamuuma, basi.

Nyuma ya magunia alimkuta mwanamume amejikunyata, amejifunika gunia, anatetemeka ilhali jua la saa saba linachoma bati. Alinuka nywele zilizoungua.

"Dada," akanong'ona, "ninakokaa kumepoa. Nihamie wapi?"

"Popote, kaka. Hata kwangu, ilimradi utoke hapa."

Alipogeuka kumtazama vizuri, gunia lilikuwa chini, halina mtu.

Siku ya tatu tangu hapo mumewe, fundi cherehani, aliamka na homa. "Mama watoto, nimetaga," alisema akishika kwapa, na kweli palikuwa na uvimbe kama yai. Mama Stoo alicheka, kisha akalia. Bwana afya alikuja mbio, akapiga sindano, akaacha na vidonge vya kumkinga mke, lakini homa ikagoma kushuka.

Ndipo Mama Stoo akaanza kusikia kitu kinakwaruza ndani ya godoro, na harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumba kizima, na alipofunua shuka ili amkande mumewe akaona miguu minne, miwili ya mumewe na miwili myembamba yenye manyoya iliyojibana katikati ikiota joto, akashindwa hata kupiga kelele kwa kuwa tangu juzi hajafumba jicho.

Akamwita shangazi yake, mganga. Shangazi alinusa mlangoni, akashusha sauti.

"Tauni mwachie bwana afya. Huyu mwingine ulimkaribisha kwa ulimi wako, mtoe kwa ulimi wako. Atakuuliza aende wapi. Usimjibu, mwanangu. Ukimtajia mahali, umeua mtu."

"Toka," Mama Stoo aliliambia godoro.

"Niende wapi?"

Akanyamaza. Swali likarudi, likarudi tena, alasiri nzima, kwa upole uleule, hata taya zikamuuma kwa kufumba mdomo. Mwishowe mumewe akatokwa na jasho, akaomba maji. Mlango ukafunguka wenyewe, ukajifunga. Mama Stoo akaketi sakafuni akiwa na furaha isiyo na nguvu hata ya kutabasamu.

Upande wa pili wa ukuta, kwa jirani aliyejifungua wiki iliyopita, mtu alipiga hodi.

Ngoja nipumue kidogo, Mama Stoo alijiambia, halafu nikamwonye.

"Karibu," jirani aliitikia. "Pita ndani."